Ada Lovelace

Augusta Ada King, anayejulikana zaidi kama Ada Lovelace (London, 10 Desemba 1815 – London, 27 Novemba 1852), alikuwa mwanahisabati wa Uingereza. Anakumbukwa hasa kwa maelezo aliyochapisha mwaka 1843 kuhusu mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage. Ndani ya maelezo hayo mna jedwali la hatua 25 za kukokotoa namba za Bernoulli, ambalo wengi hulitaja kuwa programu ya kwanza ya kompyuta kuchapishwa. Mashine yenyewe haikukamilishwa kamwe. Kwa hiyo Ada alitunga, akasahihisha na kuboresha programu wakati ambapo hapakuwa na chombo chochote duniani cha kuijaribia.

Maisha yake yamesimuliwa mara nyingi, na si kila mara kwa usahihi. Wako wanaomfanya mvumbuzi wa kompyuta, cheo ambacho hakujidai nacho. Wako pia wanaosema alikuwa mwanamke wa ukoo mkubwa aliyetia sahihi yake chini ya kazi ya mtu mwingine. Bahati nzuri barua nyingi alizoandikiana na Babbage zimehifadhiwa, na msomaji anaweza kufuatilia jinsi kazi ilivyokwenda, karibu siku kwa siku.

Wazazi na utoto

Baba yake alikuwa George Gordon Byron, maarufu kama Lord Byron, mshairi aliyesomwa kuliko karibu wote wa zama zake. Mama yake aliitwa Anne Isabella Milbanke. Walioana Januari 1815 na ndoa yao ilidumu mwaka mmoja tu. Ada alipokuwa na umri wa wiki tano, mama yake alimchukua akarudi kwa wazazi wake huko Kirkby Mallory, Leicestershire. Byron alitia sahihi hati ya kutengana, akaondoka Uingereza Aprili 1816 na hakurudi tena. Alifariki Ugiriki mwaka 1824, Ada akiwa na miaka 8. Ada ndiye mtoto pekee wa Byron aliyezaliwa ndani ya ndoa, na hakumfahamu baba yake.

Mama yake, Lady Byron, alikuwa mwanamke msomi aliyependa hisabati tangu ujana. Aliogopa kwamba binti angerithi tabia za baba: hasira, anasa, na mawazo yasiyo na breki. Dawa aliyoichagua ilikuwa masomo makali, na juu ya yote hesabu. Ada alifundishwa nyumbani na walimu wa kuajiriwa, kama ilivyokuwa kwa mabinti wa tabaka lake; vyuo vikuu vya Uingereza wakati huo havikupokea wanawake. Tiba hiyo ya mama haikufaulu kama ilivyokusudiwa, maana hisabati haikuzima mawazo ya mtoto bali iliyapa njia. Mwaka 1828, akiwa na miaka 12, Ada alijipangia kutengeneza mabawa ya kurukia. Alichunguza maumbile ya ndege, akapima uwiano wa mabawa na mwili, na kufikiria vifaa vya kutumia.

Afya yake haikuwa nzuri. Mwaka 1829 aliugua surua, akapooza miguu na kulala kitandani kwa muda mrefu. Ilimchukua kama miaka miwili kuanza kutembea tena kwa magongo. Masomo hayakukatizwa.

Kukutana na Babbage

Mwezi wa Juni 1833, akiwa na miaka 17, Ada alikutana na Charles Babbage kwenye karamu jijini London. Babbage alikuwa na umri wa miaka 41, mjane, profesa wa hisabati wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Siku chache baadaye Ada na mama yake walialikwa nyumbani kwake kuona kipande kilichokamilika cha Mashine ya Tofauti.

Hapa inafaa kueleza kwa nini mtu alihitaji mashine ya namna hiyo. Mabaharia, wahandisi, mabenki na wanajimu wa karne ya 19 walitegemea vitabu vya majedwali ya hesabu. Majedwali hayo yalikokotolewa kwa mkono, yakanakiliwa kwa mkono na kupangwa herufi kwa herufi kiwandani. Makosa yaliingia katika kila hatua, na kosa katika jedwali la baharia laweza kuzamisha jahazi. Babbage alitaka magurudumu ya shaba yafanye hesabu na kuchapisha majibu yenyewe. Serikali ilimpa fedha, jumla ya pauni 17,000 na ushei, lakini mwaka 1833 kazi ilisimama baada ya ugomvi kati yake na fundi wake mkuu, Joseph Clement.

Mashine ya Tofauti ilikuwa na kazi moja tu, nayo ni kujumlisha kwa mpango maalumu. Kuanzia mwaka 1834 Babbage alihamia kwenye wazo kubwa zaidi aliloliita Mashine ya Uchanganuzi. Hii ingekuwa na sehemu mbili kuu. Moja ni ghala, mahali pa kuhifadhi namba katika safu za magurudumu. Nyingine ni kinu, mahali ambapo namba zilizotolewa ghalani zingejumlishwa, kutolewa, kuzidishwa au kugawanywa, kisha jibu kurudishwa ghalani. Amri zingetolewa kwa kadi zenye matundu, kama zile zilizotumika katika mitambo ya kufuma hariri iliyobuniwa na Joseph Marie Jacquard wa Ufaransa. Kubadilisha kazi ya mashine kungekuwa kubadilisha kadi tu. Msomaji wa leo atatambua katika ghala na kinu kumbukumbu na kichakataji cha kompyuta yake.

Ndoa na masomo

Mwaka 1835 Ada aliolewa na William King, ambaye mwaka 1838 alipewa cheo cha Earl wa Lovelace. Ndiyo asili ya jina analojulikana nalo. Walipata watoto watatu: Byron (1836), Anne Isabella (1837) na Ralph (1839). Anne Isabella, aliyejulikana baadaye kama Lady Anne Blunt, alisafiri hadi bara Arabu na kuanzisha pamoja na mumewe zizi la farasi wa Kiarabu la Crabbet, ambalo damu yake imo katika farasi wengi wa aina hiyo hadi leo.

Uzazi wa mara tatu katika miaka minne na usimamizi wa nyumba vilimchelewesha, lakini Ada hakuacha hisabati. Mwanasayansi Mary Somerville, aliyekuwa rafiki wa familia, alimtia moyo na kumwelekeza katika masomo. Kuanzia mwaka 1840 alisoma kwa barua chini ya Augustus De Morgan, profesa wa hisabati jijini London, mmoja wa wajuzi wakubwa wa mantiki wa wakati wake. Barua hizo zinamwonyesha mwanafunzi anayekwama katika mambo madogo ya aljebra na papo hapo kuuliza maswali mazito kuhusu misingi. Mwalimu yeyote amewahi kukutana na mwanafunzi wa namna hiyo, na anajua kwamba alama za mtihani hazimpimi vizuri. Mwaka 1844 De Morgan alimwandikia Lady Byron kwamba kipaji cha binti yake kilikuwa cha hali ya juu, ingawa aliongeza hofu, iliyokuwa ya kawaida katika zama zile, kwamba hisabati nzito ingeuzidi mwili wa mwanamke.

Makala ya Menabrea

Mwaka 1840 Babbage alikwenda Turin, Italia, kueleza mashine yake mbele ya wanasayansi. Kati ya waliomsikiliza alikuwamo mhandisi kijana wa jeshi, Luigi Menabrea, ambaye miaka mingi baadaye alikuwa waziri mkuu wa Italia. Menabrea aliandika makala kwa Kifaransa, ikachapishwa Geneva Oktoba 1842. Mwanafizikia Charles Wheatstone alimshauri Ada aitafsiri kwa Kiingereza kwa ajili ya jarida la London lililochapisha tafsiri za kazi za kisayansi kutoka nje.

Ada aliitafsiri bila kumwambia Babbage. Babbage alipopata habari alimuuliza kwa nini hakuandika makala yake mwenyewe, kwa kuwa aliifahamu mashine vizuri. Ada alijibu kwamba wazo hilo halikumjia. Basi Babbage akapendekeza aongeze maelezo chini ya tafsiri. Maelezo yaliyotokea ni saba, yaliyopewa herufi A hadi G, na kwa jumla yana urefu wa karibu mara tatu ya makala yenyewe.

Katika makala ya Menabrea mna mfano mmoja mwepesi unaosaidia kuelewa yote yaliyofuata. Chukua milinganyo miwili yenye vigeu viwili, ile ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huikokotoa. Kupata majibu mawili kunahitaji matendo 11: kuzidisha mara 6, kutoa mara 3, kugawanya mara 2. Mtu akifanya kwa penseli atachanganya: atazidisha, atatoa, atazidisha tena. Lakini ukipanga kuzidisha kote kuje kwanza, kisha kutoa kote, na kugawanya mwisho, mashine itahitaji kadi 3 tu za matendo badala ya 11, kwa sababu kila kadi hubaki mahali pake hadi zamu ya tendo lake iishe. Majibu ni yaleyale na hesabu ni ileile. Kilichobadilika ni mpangilio peke yake.

Ada aliushika uzi huo na kuuvuta mbali. Katika Maelezo D alieleza kwamba karibu kila ukokotoaji unaweza kupangwa kwa njia nyingi, na kwamba mojawapo ya malengo makuu ni kuchagua mpangilio utakaopunguza kabisa muda wa kumaliza kazi. Leo mtu anayeandika kikokotoo kidogo cha kutumia amri za maandishi katika kompyuta hujiuliza swali hilohilo mara tu kikokotoo kinapoanza kutoa majibu sahihi: je, kuna hatua ninazozirudia bure? Ada aliuliza hayo zaidi ya miaka 100 kabla ya kompyuta za elektroniki kuenea.

Aliona pia tatizo la pili, ambalo huwasumbua wanaoanza hadi leo. Safu moja ya ghala inaweza kuwa na thamani moja sasa na nyingine hatua tatu baadaye. Ukisema tu safu ya nne, unamaanisha thamani ipi? Katika majedwali yake kila safu inapewa tarakimu ndogo upande wa kushoto inayoonyesha hiyo ni thamani ya ngapi kukaa humo. Msomaji wa jedwali haachwi akisie.

Jambo la tatu ni kurudia. Ada alieleza kwamba kadi zinaweza kurudishwa nyuma ili kundi la hatua litumike tena na tena, na akaita makundi hayo mizunguko. Alikumbusha kwamba picha moja ya Jacquard iliyofumwa kwa hariri ilihitaji kadi 24,000. Kwa kurudisha kadi nyuma, hata wafumaji wangeweza kupata mapambo yenye mpangilio kwa kadi chache.

Jedwali la namba za Bernoulli

Namba za Bernoulli, zilizopewa jina la Jakob Bernoulli wa Uswisi, hutokea katika sehemu nyingi za hisabati, kwa mfano katika kujumlisha vipeo vya namba zinazofuatana. Kila moja hupatikana kutokana na zilizotangulia. Katika mpangilio alioutumia Ada nne za kwanza ni 1/6, −1/30, 1/42 na −1/30. Mtu hawezi kukisia inayofuata kwa kutazama tu, na ndiyo maana zilifaa kwa onyesho.

Barua ya Julai 1843 inaonyesha kwamba wazo la kuziingiza lilikuwa la Ada. Alimwambia Babbage kwamba angependa kuonyesha mfano wa hesabu ambayo mashine ingeifanya bila kichwa wala mikono ya binadamu kuitangulia, akamwomba kanuni za kuanzia. Babbage aliandika katika kumbukumbu zake za mwaka 1864 kwamba alijitolea kufanya aljebra ya sehemu hiyo ili kumpunguzia taabu, na kwamba Ada alimrudishia karatasi baada ya kugundua kosa kubwa alilokuwa amelifanya.

Wiki zilizofuata hazikuwa na raha. Ada alikiri katika barua kwamba amezama katika matope ya namba hizo na hajui atatokaje. Kurasa zilipishana njiani kati yake na Babbage. Babbage alichanganya karatasi, Ada akamkemea na kumwambia wazi kwamba angependa awe mwangalifu kama yeye. Hakupenda pia Babbage abadilishe sentensi zake bila kumuuliza. Jedwali kubwa alilichora kwa penseli, na mumewe akakaa kulipitishia wino. Ni picha adimu katika England ya Malkia Victoria: bwana mwenye cheo akimfanyia mkewe kazi ya ukarani.

Jedwali linakokotoa namba ya nne, zile tatu za kwanza zikiwa zimeshakokotolewa na kuwekwa ghalani. Data za kuanzia ni tatu tu: 1, 2, na n, ambayo hapa ni 4. Safu kumi zimetengwa kwa kazi, nyingine kwa matokeo. Hatua 12 za mwanzo zinaandaa sehemu mbili za kwanza za mlinganyo. Kisha hatua ya 13 hadi ya 23 ni mzunguko unaorudiwa. Uzuri wake uko katika safu ya kumi, ambayo ni kihesabio. Hatua ya 7 inaweka humo 3, hatua ya 12 inapunguza moja, na kila mwisho wa mzunguko inapunguzwa tena. Ikifika sifuri, mashine inatoka kwenye mzunguko na kuendelea na hatua ya 24, inayotoa jibu. Hatua ya 25 inaongeza n kuwa 5, ili kazi ianze upya kwa namba inayofuata. Kwa hiyo kadi zilezile zingetosha kwa namba ya tano, ya sita na kuendelea. Kinachoongezeka ni idadi ya mizunguko.

Ada alijua kuwa kanuni aliyoitumia si fupi kuliko zote. Alisema hivyo katika maelezo yenyewe: lengo halikuwa urahisi wa hesabu bali kuonyesha uwezo wa mashine.

Jedwali lililochapishwa lina kosa. Katika hatua ya 4 imeandikwa safu ya tano igawanywe kwa safu ya nne, wakati maelezo ya matokeo pembeni yanadai kinyume chake. Kwa n = 4, safu ya nne wakati huo ina 7 na safu ya tano ina 9. Jibu linalotakiwa ni 7/9, lakini mashine ikitii amri kama ilivyochapwa itatoa 9/7. Hatua ya 5 inagawanya jibu hilo kwa 2, hatua ya 6 inaligeuza alama, nalo linaingia katika jumla ya mwisho. Badala ya namba yenye ukubwa wa 1/30, yaani kama 0.033, mashine ingetoa kitu cha karibu 0.22. Kosa hili lilikuja kuonekana wazi watu walipoanza kuandika upya jedwali hilo katika lugha za programu za kisasa na kuliendesha. Mahali ambapo mtu wa leo angeendesha programu, akaona jibu baya, akarudi kutafuta hatua iliyopinda, Ada alikuwa na macho yake tu na karatasi.

Maelezo yalichapishwa mwaka huohuo wa 1843, yakiwa na sahihi ya herufi A.A.L. peke yake. Kabla ya hapo ulizuka ugomvi mmoja. Babbage alitaka kuambatanisha dibaji isiyo na jina ya kulaumu serikali, ambayo mwaka 1842 ilikuwa imeitupa rasmi Mashine ya Tofauti. Ada alikataa, kwa kuwa aliona lawama za namna hiyo zingeharibu kazi. Baadaye alimwandikia barua ndefu ya kujitolea kusimamia mambo ya mashine mbele ya watu kwa masharti fulani, na Babbage hakuyakubali. Urafiki wao ulibaki hadi mwisho.

Mambo mengine katika maelezo yake

Katika Maelezo A, Ada alieleza kwamba mashine inayotenda kazi juu ya alama si lazima ibaki kwenye hesabu. Ikiwa mahusiano ya sauti katika muziki yangeweza kuandikwa kwa kanuni, mashine ingeweza kutunga muziki. Babbage alifikiria zaidi majedwali na aljebra. Huenda hapa ndipo Ada alipomtangulia kabisa.

Katika Maelezo G aliweka mpaka: mashine haianzishi jambo lolote jipya, bali hufanya kile tunachojua kuiamuru. Alan Turing aliijadili hoja hiyo mwaka 1950 katika makala yake kuhusu mashine na kufikiri, akiipa jina la Lady Lovelace, na akajaribu kuijibu.

Je, alikuwa mwandaaji programu wa kwanza?

Swali hili limezua ubishi mkubwa. Katika karatasi za Babbage mna majedwali kadhaa ya hatua za mashine aliyoyaandika kati ya 1836 na 1840, kabla ya Ada kuanza. Kwa hiyo kusema kwamba hapakuwa na programu yoyote kabla ya yake si kweli. Hata hivyo majedwali yale hayakuchapishwa, na lile la Bernoulli ni gumu na limekamilika kuliko hayo.

Wanaomtilia shaka hutaja pia kosa la tafsiri. Mpiga chapa wa Geneva alikosea herufi moja katika neno la Kifaransa lenye maana ya hali, likasomeka kama kifupi cha kosaini. Ada alitafsiri kosa hilo kama lilivyo, ingawa sentensi iliyopatikana haina maana kihisabati. Ni udhaifu wa kweli, na hauna haja ya kufichwa. Lakini wanahistoria wa hisabati waliozipitia upya barua zake na De Morgan katika karne ya 21 wameona mwanafunzi aliyekuwa akipanda haraka, na kwamba lawama za zamani zilizidi. Barua za Julai 1843 zinatosha kuonyesha kwamba kazi ya jedwali ilikuwa ya watu wawili, Babbage akitoa kanuni na mashine, Ada akichagua mfano, akipanga hatua na kukagua.

Miaka ya mwisho na kifo

Baada ya 1843 Ada hakuchapisha tena kazi ya kulingana na ile. Alipanga mengi, likiwemo wazo la kueleza kazi za ubongo kwa hisabati, lakini ugonjwa ulimrudisha nyuma. Alizama pia katika kamari ya mbio za farasi na kupoteza fedha nyingi. Aliweka rehani vito vya familia ya mumewe, mama yake akavikomboa, naye akaviweka rehani tena.

Alikuwa na saratani ya mfuko wa uzazi. Madaktari wa siku hizo walimtoa damu na kumpa afyuni kwa maumivu. Mwaka 1852 mama yake alichukua usimamizi wa nyumba na kuamua nani amwone mgonjwa. Mwandishi Charles Dickens alikuja Agosti akamsomea kitabu. Ada alifariki tarehe 27 Novemba 1852, akiwa na miaka 36, umri uleule aliofariki nao baba yake. Kwa matakwa yake mwenyewe alizikwa kando ya baba huyo ambaye hakumjua, katika kanisa la Mtakatifu Maria Magdalena huko Hucknall, Nottinghamshire.

Babbage aliendelea kuchora na kurekebisha michoro ya mashine hadi kifo chake mwaka 1871.

Kumbukumbu

Kwa karibu miaka 100 maelezo ya Ada hayakusomwa na wengi. Yalichapishwa tena mwaka 1953 katika kitabu cha B. V. Bowden kuhusu kompyuta za elektroniki, na kuanzia hapo jina lake likaenea. Wizara ya Ulinzi ya Marekani iliipa lugha yake mpya ya programu jina la Ada. Kanuni rasmi ya lugha hiyo ilipitishwa tarehe 10 Desemba 1980, siku ya kuzaliwa kwake, na kupewa namba 1815. Lugha hiyo hutumika hasa mahali ambapo kosa dogo la programu linaweza kuua watu, kama vile katika ndege na reli. Jumanne ya pili ya Oktoba huadhimishwa katika nchi mbalimbali kwa heshima ya wanawake katika sayansi na teknolojia.

Mwaka 1991 Makumbusho ya Sayansi ya London ilikamilisha sehemu ya kukokotoa ya Mashine ya Tofauti Namba 2, kwa kufuata michoro ya Babbage, nayo ilifanya kazi. Mashine ya Uchanganuzi, ambayo ndiyo jedwali la Ada liliandikwa kwa ajili yake, haijawahi kujengwa nzima.